Kampuni imefuta safari ya kuwinda Karamoja alafu inasema dipoziti hairudi: mnaidai hivi

Ndugu mmoja wa Jinja ameuliza, nafupisha swali lake. Yeye, marafiki zake wawili na binamu yake anayeishi London walibuku siku kumi za kuwinda Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, mwezi wa 7, nyati na kongoni. Kila mmoja aliweka dipoziti ya kama shilingi milioni 8, yeye na marafiki walilipa sehemu kwenye akaunti ya kampuni na sehemu kwa mobail mani kwenye namba ya mkurugenzi, binamu akalipa kwa kadi ya krediti. Wiki tatu kabla ya kuondoka ikaja wosapu kwamba mgao wa wanyama haujatoka, mvua nayo imeharibu barabara, kwa hiyo safari imefutwa, watapelekwa Februari. Wakiomba pesa wanaonyeshwa mstari mmoja chini ya invoisi: dipoziti hairudishwi. Alafu kuna kijana wa kampuni hiyo hiyo amempigia pembeni anasema anaweza kuwapeleka kwenye shamba fulani Nakasongola wawinde huko bila makaratasi mengi ili dipoziti yao isipotee. Anauliza kama pesa imeenda, na huyo kijana amjibu nini.

Pesa haijaenda kaka. Ule mstari kwenye invoisi usiwatishe, maana dipoziti kazi yake ni kushika nafasi, mteja anaonyesha kwamba yuko siriasi, na yeye mwenyewe akibadilisha mawazo dakika za mwisho kampuni inabaki nayo kwa sababu zile siku ingeweza kumuuzia mtu mwingine, na hapo kwa kweli mara nyingi kampuni ina haki. Lakini nyinyi hamkujitoa. Mlikua tayari, ruhusa za kazini mmeomba, aliyefuta ni yule aliyepokea pesa. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inasema anayevunja mkataba anamfidia mwenzake hasara iliyotokana na kuvunja huko, na juu ya hiyo kuna kanuni ya zamani sana ambayo mahakama zetu zinaifuata, kwamba ukilipa pesa kwa ajili ya kitu fulani na hicho kitu hukukipata hata kidogo, ile pesa inadaiwa irudi. Hamkulala hata usiku mmoja kambini, hamkupewa hata gari. Na kama maneno yenyewe yanasomeka njia mbili, yaani haijulikani kama "hairudishwi" ni mteja akijitoa au hata kampuni ikifuta, mahakama kawaida huyasoma dhidi ya aliyeyaandika, na invoisi waliandika wao.

Sasa tuje kwenye sababu walizowapa, maana hapa ndio kesi yenu itasimama au itayumba. Wamewapa mbili kwa pamoja, na mimi nikiona sababu mbili kwa pamoja huwa nataka kila moja ijibiwe peke yake.

Ya mvua naiona nyepesi. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 9 hivi, na ule udongo mweusi wa mfinyanzi ukishalowa gari linazama mpaka ekseli, kila dereva aliyewahi kupita Nakapiripirit au Kotido kipindi hicho anajua. Kampuni ya uwindaji inajua zaidi ya dereva. Walipowauzia mwezi wa 7 walijua wanauza siku za mvua, kwa hiyo hawawezi leo kusema mvua imewashangaza. Sheria inamsaidia mtu aliyezuiwa na jambo ambalo hakulitegemea na hakulisababisha, haimsaidii aliyeuza kitu akijua kabisa kuna hatari gani alafu hatari ikatokea vile vile ilivyotegemewa.

Ya mgao ndio yenye uzito, na inabidi muelewe mfumo ulivyo ili mjue mnauliza nini. Uwindaji wa kitalii Uganda ulipigwa marufuku 1979 ukarudi kwa majaribio 2001 kwenye mashamba ya ng'ombe pembeni ya hifadhi ya Ziwa Mburo, baadae ukaenda maeneo mengine. Siku hizi unasimamiwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na haki ya kuwinda ni daraja A katika zile haki za kutumia wanyamapori ambazo UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ndio inazitoa. Kampuni inapewa eneo lake, alafu kuna mgao, yaani mnyama gani na wangapi, na kama nyati hayumo kwenye mgao huo huwezi kumpiga hata kama amesimama mbele ya kambi. Kwa hiyo swali la kuwauliza kampuni, kwa maandishi, ni hili: siku mlipopokea pesa yetu, mlikua na haki ya kuwinda katika eneo lile, ndio au hapana, na mgao mliomba lini?

Majibu yanaweza kua matatu na kila moja linabadilisha kesi. Inawezekana haki walikua nayo, mgao waliomba mapema, ukachelewa tu, hapo ni watu waliouza kabla ya kua na uhakika, ni uzembe wa kibiashara ila si wizi, na pesa wanarudisha. Inawezekana haki yao iliisha wakaendelea kuuza wakitumaini itarudishwa, hiyo ni mbaya zaidi, maana hapo waliwaficha jambo ambalo mngelijua msingelipa. Na inawezekana hawajawahi kua na eneo lolote, wao ni madalali wanauza siku za kampuni nyingine wakikata kamisheni, na dipoziti yenu wameipeleka mbele au wameila. Hata hapo haiwahusu, nyinyi mlikubaliana na huyu aliyewapa invoisi, yeye na huyo wa mbele watajuana wenyewe.

Wasipojibu, waulizeni UWA moja kwa moja. Makao makuu yako Kamwokya, Kira Road, na mnaandika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, ambayo inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali na vyombo vyake, na inawapa siku 21 za kujibu. Ulizeni kitu kifupi tu, kama kampuni hii ilikua na haki ya kuwinda katika eneo hili kipindi hiki na kama mgao wa nyati ulitolewa. Msiweke malalamiko marefu ndani ya barua hiyo, barua ya malalamiko inazungushwa ofisi hadi ofisi, swali la ndio au hapana linajibiwa. Jibu la UWA lenye muhuri ni silaha kubwa kuliko wosapu mia za kubishana na sekretari.

Niseme pia upande wa pili ili msije mkashangaa. Kuna safari zinazofutwa kweli bila kosa la mtu. Machi 2020 uwanja wa ndege wa Entebbe ulipofungwa kwa abiria mpaka Oktoba hakuna kampuni ingeweza kuleta mgeni. Julai 2021 jeshi lilipoanza operesheni ya Usalama Kwa Wote Karamoja kwa ajili ya wizi wa ng'ombe na bunduki, kama eneo lenu lingekua limefungwa na jeshi ningewaambia kampuni ina hoja. Lakini hata hapo "hatukua na uwezo" haimaanishi "pesa ni yetu". Mkataba ukishindikana hivyo, mliyolipa bado mnaweza kuidai, mahakama inaweza tu kuwaachia gharama ambazo kweli walishazitumia kwa ajili yenu kabla mambo hayajaharibika. Kwa hiyo wakileta hadithi ya gharama, jibu ni moja, leteni risiti. Risiti ya nini, ya tarehe gani, kwa ajili ya safari ipi. Kama mgao haukutoka, ada ya mnyama hawajalipia, na ada za nyara zenyewe, yaani malipo ya kila mnyama aliyepigwa, kawaida mwindaji analipa baada ya kupiga, hazikai kwenye dipoziti. Mafuta hawajanunua, chakula hawajanunua. Kinachobaki labda ni matangazo na mshahara wa ofisini ambao wangelipa hata bila nyinyi.

Kabla ya yote hayo kuna kitu cha kufanya leo, na nakuomba usikiache mpaka kesho. Ile ofa ya Februari msiikubali kwa kukaa kimya. Watu wengi wanapoteza hapa, kampuni inasema tumewahamishia Februari, mteja anaandika "sawa bosi tutaona", miezi sita baadae anataka pesa anaambiwa ulikubali tarehe mpya, na kweli maneno yapo kwenye simu. Kila mmoja wenu, sio wewe peke yako, atume ujumbe wake leo kwenye wosapu na imeili, maneno kama haya yanatosha: "Mmefuta safari yetu ya mwezi wa 7. Sisi hatujakubali na hatukubali tarehe nyingine. Tunaomba dipoziti yetu yote irudishwe." Basi. Usitukane, usitishie kuwaweka mitandaoni, maana hayo yatasomwa na hakimu siku moja na pia ukimchafua mtu bila ushahidi kamili anaweza kukugeuzia kesi wewe.

Kama ndani ya moyo bado mnataka kuwinda na mnaiamini kampuni, inawezekana kukubali Februari, siwakatazi, ila sharti liandikwe kwamba kama mpaka tarehe fulani hawajaonyesha haki ya eneo na mgao kutoka UWA pesa inarudi yote ndani ya siku kadhaa. Bila karatasi hiyo mimi nisingekubali, mtu ambaye mwaka huu hakua na mgao hajakuonyesha kitu chochote kinachosema mwaka kesho atakua nao.

Kuhusu ushahidi, usiogope kwamba hamkusaini mkataba mrefu. Sheria ile ya 2010 inataka mkataba wa zaidi ya laki tano uwe kwa maandishi, lakini yenyewe inakubali ujumbe wa kielektroniki kama maandishi mradi uweze kusomeka tena baadae, kwa hiyo invoisi ya PDF, imeili na zile wosapu za kukubaliana bei na tarehe vikikaa pamoja ndio mkataba wenu. Mazungumzo ya wosapu yatoe yote kutoka mwanzo kwa ile njia ya kuyaeksipoti, sio skrinshoti mbili tatu unazozipenda, maana wakili wao atauliza kabla ya hapa mlisemaje. Voisi zihifadhi zilivyo na usibadilishe simu kabla hujaziweka sehemu nyingine. Benki chukueni stetimenti yenye muhuri. Mobail mani nendeni kwenye ofisi ya mtandao wenu mkachukue stetimenti ya siku ile, itaonyesha namba, kiasi na jina la aliyepokea, kwa sababu meseji ya simu inafutika na simu inaibiwa.

Na hiyo ya kulipa kwenye namba ya mkurugenzi ndio sehemu inayonifanya nikuandikie kirefu, maana inaweza kuwasumbua na inaweza kuwasaidia, inategemea mmeishikaje. Kampuni ikiwa imesajiliwa kama kampuni yenye dhima yenye kikomo, yenyewe ni mtu kisheria, mkurugenzi ni mtu mwingine, na kesho anaweza kusema kampuni haijawahi kupokea hizo milioni, mimi nilipokea kwa mambo mengine. Nendeni URSB, ofisi ya serikali inayosajili makampuni, mkafanye utafutaji wa jina, ada yake ni ndogo, mtaona kama ni kampuni kweli, wakurugenzi ni nani na anuani ya usajili iko wapi. Mkikuta ni jina la biashara tu, basi hakuna kampuni ya kujificha nyuma yake, mwenye jina ndiye mdaiwa mwenyewe na mali zake. Mkikuta ni kampuni, mnaidai kampuni na huyo mkurugenzi wote wawili kwenye dai moja, kampuni kwa yote na yeye kwa ile iliyoingia kwenye simu yake. Tafuteni ile meseji aliyowaambia "tuma kwenye namba hii kwa ajili ya safari", hiyo moja inafunga mdomo wake.

Binamu wa London ana njia yake na pengine ataipata pesa kabla yenu wote. Akiwa amelipa kwa kadi ya krediti ya benki ya Uingereza kuna kifungu cha 75 cha sheria yao ya mikopo kwa wateja ya 1974, kinachofanya benki iliyotoa kadi iwajibike pamoja na muuzaji pale bei ya kitu ni zaidi ya pauni 100 na haizidi pauni 30,000, na mahakama ya juu kabisa huko iliamua 2007 kwamba inafanya kazi hata ukinunua nje ya nchi yao. Masharti ni kwamba awe amemlipa muuzaji mwenyewe moja kwa moja, isiwe kupitia mtu wa kati. Kama ilikua kadi ya debiti basi kuna chajibaki, benki inavuta pesa kutoka benki ya muuzaji kwa sababu huduma haikutolewa, na kwa Visa muda ni siku 120 ambazo kwa kawaida zinahesabiwa kutoka siku huduma ilipotakiwa kutolewa. Kwa hiyo asikae kusubiri nyinyi mmalize mazungumzo yenu ya kindugu na mkurugenzi. Apige simu benki yake, apeleke invoisi, wosapu ya kufuta na ule ujumbe wake wa kukataa Februari, maana swali la kwanza benki itamuuliza ni kama alipewa mbadala akaukubali. Na dai lake liwe la pesa aliyolipa yeye tu, asichanganye na zenu, alafu akishalipwa na benki asiidai kampuni mara ya pili.

Nyinyi mliolipa benki na mobail mani hamna kitufe cha kurudisha nyuma. Ile huduma ya kurudisha muamala ni ya mtu aliyekosea namba dakika chache zilizopita, sio ya mkataba ulioharibika baada ya miezi. Njia yenu ni barua ya madai.

Barua iwe ukurasa mmoja. Iwe na tarehe, jina kamili la kampuni kama lilivyo URSB, jina la mkurugenzi, na maneno karibu na haya:

"Tarehe fulani nililipa shilingi milioni 8, sehemu kwenye akaunti yenu na sehemu kwenye namba ya simu mliyonipa, kwa ajili ya safari ya kuwinda ya mwezi wa 7. Tarehe fulani mlinijulisha kwamba mmeifuta. Sikupata huduma yoyote na sijakubali tarehe nyingine. Nadai milioni 8 zote zirudishwe kwenye akaunti hii ndani ya siku 14 kutoka siku mtakayopokea barua hii. Msipolipa nitafungua dai mahakamani bila kuwapa taarifa nyingine, na nitadai pia gharama na riba."

Kila mmoja aandike yake na asaini yake. Ipelekeni kwa mkono ofisini mkiwa na nakala mbili, moja wanaigonga muhuri wa kupokea mnaondoka nayo, wakikataa kugonga muandike pembeni tarehe, saa na jina la aliyekataa, alafu mtume picha yake kwa imeili na wosapu siku hiyo hiyo. Nakala pelekeni Bodi ya Utalii, ambayo ndiyo inawapa leseni watu wa safari chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, na kama kampuni ni mwanachama wa AUTO, chama cha makampuni ya safari, basi na huko. Hawa wawili sio mahakama, hawatawakamatia mtu pesa. Lakini kampuni inayotaka leseni yake iendelee na jina lake libaki kwenye orodha ya chama haipendi faili lake liwe na barua ya namna hiyo, na nimeona wengi wakipiga simu baada ya kuona tu kule chini kuna nakala imeenda wapi.

Mtu atawaambia nendeni polisi. Ndio kuna kosa la kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungo chake ni mpaka miaka mitano, ila kosa hilo linataka uongo kuhusu jambo lililopo au lililopita, ahadi ya baadae ambayo haikutimia haitoshi. "Tutawapeleka Karamoja" ni ahadi. "Tuna haki ya kuwinda katika eneo lile" wakati hawana, huo ni uongo wa jambo lililopo. Ndio maana nasisitiza jibu la UWA mlipate kwanza, mkienda polisi na karatasi hiyo mna kesi, mkienda bila hiyo mtaambiwa hili ni la madai nendeni kortini, au mbaya zaidi mtaanza kuombwa hela ya mafuta ya gari mpaka mjikute mmeongeza hasara juu ya hasara.

Siku 14 zikiisha bila pesa msianze kuongeza siku. Kuna utaratibu wa madai madogo uliowekwa kwa kanuni za 2011, unasikilizwa kwenye mahakama za mahakimu, dai lisizidi milioni 10, hakuna wakili anayesimama kukuongelea wala wa kwao, fomu unajaza mwenyewe, na barua ya madai mliyoipeleka ndio hatua ya kwanza inayotakiwa. Dai la milioni 8 linaingia vizuri. Liandikeni kama deni, pesa nililipa kiasi hiki, sikupewa kitu, sijarudishiwa. Msiweke ndani fidia ya usumbufu na aibu mliyoipata kwa marafiki, hayo yanalitoa dai kwenye njia nyepesi na yanampa karani sababu ya kusema hili sio la hapa. Akisema hivyo hata hivyo, msivunjike moyo, linafunguliwa kama kesi ya kawaida kwa hakimu, na kwa deni la kiasi kinachojulikana kuna utaratibu wa haraka ambao mdaiwa lazima aombe ruhusa ya kujitetea. Mnafungua pale kampuni inapofanyia kazi au pale jambo lilipotokea, kwa hiyo kama ofisi yao iko Kampala jipangeni kwa nauli.

Angalieni sana invoisi zenu. Kama kila mmoja ana invoisi yake kwa jina lake, hayo ni madai matatu tofauti na kila moja linaingia chini ya milioni 10. Lakini kama kampuni ilitoa invoisi moja ya kundi kwa jina lako wewe na pesa zote zilipita kwako, hilo ni dai moja kubwa na huruhusiwi kulikata vipande ili viingie kwenye mlango mdogo. Sheria inakuruhusu kuachilia sehemu ya dai ili liingie kwenye uwezo wa mahakama, ila ukishaachilia umeachilia, hutarudi kuidai kesho. Kuachilia laki tatu naelewa. Kuachilia milioni kumi na nne hapana, hapo tafuteni wakili, na kama uwezo hamna kaulizeni kliniki ya msaada wa sheria ya LDC, kile chuo cha mawakili, au Justice Centres, nao wanatoa msaada wa sheria. Muda upo, dai la mkataba lina miaka sita, ila kampuni ndogo za safari zinafungwa na kufunguliwa kwa jina jipya haraka sana, kwa hiyo miaka sita isikulaze usingizi.

Kuna uwezekano mkubwa watakuja katikati na ofa ya kulipa kidogo kidogo. Chukueni, mimi napendelea pesa ya polepole inayokuja kuliko hukumu nzuri ukutani. Ila waandike kwanza kwamba wanadaiwa kiasi kamili, alafu tarehe za malipo, na kwamba wakikosa hata moja yote inadaiwa mara moja. Wakitoa cheki za mbele, yaani zenye tarehe ya baadae, pokeeni, cheki ikirudi bila pesa ni kosa la jinai Uganda na hilo wafanyabiashara wanaliogopa. Kama kesi imeshafunguliwa basi makubaliano yaingizwe mahakamani yawe hukumu ya maelewano, ili wakikosa kulipa mnaenda kukamata mali bila kuanza upya.

Gharama zingine kama tiketi ya ndege ya binamu, zinadaiwa ikiwa kampuni ilijua mnazifanya, tafuteni ujumbe mliowaambia. Buti na darubini mlizonunua sahauni, bado mnazo.

Sasa huyo kijana wa Nakasongola. Usiende, na usimjibu kwa kumpigia simu. Uwindaji bila haki ya UWA na bila mgao unaitwa ujangili hata kama shamba lina mwenyewe na mwenyewe amekubali, mnyama sio wa mwenye shamba. Sheria ya 2019 ni kali mno, kwa makosa mazito zaidi dhidi ya wanyama walio hatarini inafika kifungo cha maisha, na Oktoba 2022 mahakama ya wanyamapori Kampala ilimfunga mtu maisha kwa pembe za ndovu, kwa hiyo hakuna hakimu atakayekusikiliza ukisema ulikua unaokoa dipoziti ya milioni 8. Tena mkienda mtakua mmeipa kampuni jibu zuri kuliko yote, watasema safari tuliwapeleka. Mjibu kwa wosapu hivi: hatuwindi bila vibali, tunasubiri pesa yetu. Na kama alikutumia voisi, ihifadhi na zile zingine, maana mfanyakazi wa kampuni anayesema kuna mahali pa kuwinda bila makaratasi anakupa picha ya jinsi wanavyofanya kazi, na mnaweza kuiambatanisha kwenye barua yenu kwa UWA.